Siku ya 28

Niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, kama mtu anayesubiri mshahara. Ulikuwa mwezi wa sita, Uyole, na wenyeji wa Mbeya wanajua mwezi huo ukoje: alfajiri ukiongea mdomo unatoa moshi, na maji ya ndoo iliyolala nje huyagusi kwa hiari yako. Kwenye banda langu la mabanzi kulikuwa na nguruwe jike mmoja, uzao wake wa kwanza, na watoto kumi na mmoja. Siku hiyo watoto walikuwa wametimiza siku 28, na mimi, mwalimu wa hesabu niliyeingia kwenye ufugaji kwa kusoma makaratasi, nilikuwa nimeamua kwamba ndiyo siku ya kuwaachisha kunyonya.

Naandika haya miaka mingi baadaye, nikiwa Iringa, na bado sina hakika kama ninachokijua leo ni ujuzi, au ni makosa mapya ambayo hayajapata muda wa kujulikana.

Hesabu yenyewe ilikuwa nzuri. Nguruwe hubeba mimba siku 114; wafugaji wetu huikariri kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ukiachisha watoto siku ya 28, mama hurudi kwenye joto baada ya siku nne hadi saba hivi, anapandwa, mzunguko unaanza upya. Jumlisha 114 na 28 na 5, unapata 147. Gawanya mwaka kwa 147, unapata mizao miwili na karibu nusu. Majirani zangu walikuwa wanaachisha baada ya miezi miwili, na hesabu yao ilitoa mizao miwili na kidogo tu. Kwa watoto kumi kila uzao, tofauti yangu na wao ilikuwa kama watoto wanne kwa mwaka. Niliwaona majirani zangu, nisamehewe, kama watu wanaotupa watoto wanne jalalani kila mwaka kwa sababu ya kutojua kugawanya.

Basi nikawatia watoto kwenye kiroba, watatu watatu, nikawapeleka upande wa pili wa uwanja kwenye chumba kipya. Nilikijivunia chumba kile. Sakafu ya saruji, imesuguliwa hadi inang'aa, haina hata unyasi. Kwenye kihori niliweka pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, kwa vipimo. Nikafunga mlango nikanawa mikono.

Usiku ndipo nilipojifunza kitu ambacho makaratasi yangu hayakukisema. Nguruwe hatoi maziwa muda wote, kama bomba unalofungua ukitaka. Karibu kila saa hulala ubavu na kuanza kuguna polepole, sauti ya chini kabisa, na watoto hukusanyika, kila mmoja kwenye chuchu yake aliyoipigania siku za kwanza za maisha. Wenye nguvu huchukua za mbele, zenye maziwa mengi, na wanyonge hubaki na za nyuma. Halafu mguno unaongeza kasi, na hapo ndipo maziwa yanaposhuka, kwa sekunde kama ishirini tu. Yakishapita, yamepita hadi zamu ijayo. Nilikuwa nimewatazama wakifanya hivyo kwa mwezi mzima bila kufikiri lolote. Usiku ule nilikuwa kitandani, na kila baada ya muda nikasikia mguno ukianza kule bandani, polepole, kisha ukiharakisha, kisha kimya. Upande wa pili wa uwanja vilio vikapanda. Saa iliyofuata tena. Mama alikuwa anawaita watoto kula, kwa ratiba ileile, na kiwele kimejaa. Mke wangu akauliza, "Mwalimu, hao vipi?" Nikamwambia watazoea.

Siku ya tatu walianza kuhara. Hadi siku ya nane nilikuwa nimezika wanne. Wa kwanza alikuwa yule mdogo wa chuchu ya mwisho, ambaye mke wangu alimwita Kitindamimba. Nilimkuta asubuhi amelala juu ya saruji yangu safi, baridi kama saruji yenyewe, na wenzake wamelundikana pembeni wakisuguana matumbo kwa pua, kila mmoja akitafuta kwenye tumbo la mwenzake kitu ambacho hakipo. Waliendelea na tabia hiyo wiki nzima. Mmoja alikuwa na alama nyekundu kitovuni kwa kusuguliwa.

Watoto wanne. Sikuhitaji kalamu kuona kuwa ni walewale niliokuwa nimewapata kwenye hesabu.

Bwana mifugo alikuja na gambuti zake, akaangalia, akachuchumaa. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu nilichokifanya, nikamweleza kwa fahari iliyokuwa ikipungua sentensi kwa sentensi. Akasema, "Umewatoa kwa mama, umewahamisha nyumba, umewabadilishia chakula, umewavua nyasi, na ni mwezi wa sita. Yote siku moja. Mwalimu, wewe ungepona?"

Kisha akanieleza mambo ambayo nimeyasoma mengi tangu hapo na yote yamekuja kukubaliana naye. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga mwilini, maana kondo la nguruwe halipitishi kinga ya mama. Anaipata yote kwenye maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, katika saa 24 za mwanzo. Kinga hiyo ya kuazima hupungua hadi kufikia wiki ya tatu na ya nne, wakati yake mwenyewe bado inachipua. Siku yangu ya 28 ilikuwa imeangukia katikati ya bonde hilo. Na utumbo wake una vinyweleo vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo, ndivyo vinavyofyonza chakula. Akiachishwa ghafla, mara nyingi hali kitu siku ya kwanza, pengine hata ya pili, na nyuzi zile husinyaa. Siku ya tatu njaa inamshinda, anavamia kihori, na pumba inapita kwenye utumbo usioweza kuipokea. Vijidudu vya kuharisha ndivyo vinavyokula karamu.

Siku ya tano mama aliingia kwenye joto, sawasawa na makaratasi. Alipandwa, akashika mimba, akazaa baada ya siku 114. Kwa upande wake, nilijiambia, mpango ulifanya kazi. Nilimwandika kwenye daftari: *mama, hana tatizo*.

Ile namba 28 ilikaa kwangu muda mrefu kama mwiba uliovunjikia ndani. Niliitafuta ilikotoka. Nikaikuta kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008: mtoto wa nguruwe asiachishwe chini ya siku 28, isipokuwa anahamishiwa kwenye jengo maalumu lililosafishwa, hapo inaruhusiwa kuwahisha kwa siku zisizozidi saba. Kumbe ilikuwa kizuizi. Waliiweka ili mfugaji mwenye haraka asishuke chini ya hapo, nami nikaisoma kama shabaha ya kulenga. Na walioifuata walikuwa na majengo yenye joto la kuwashwa, na chakula cha watoto chenye unga wa maziwa. Hata wao iliwasumbua. Kwa miaka mingi waliwalisha watoto walioachishwa oksidi ya zinki kwa wingi ili wasihare, mpaka Umoja huo ukaipiga marufuku kama dawa ya mifugo mwezi Juni 2022, kwa kuwa zinki hutoka na mavi na kubaki kwenye udongo. Marekani kuna wanaoachisha wiki ya tatu. Mimi nilikuwa nimeazima namba yao, nikaacha nyuma kila kitu kilichokuwa kinaishikilia.

Ungedhani mtu akishayaona hayo amepona ugonjwa wa namba. Hapana.

Nilipohamia Iringa, upande wa Ifunda, sikuhama na nguruwe. Ukisafirisha nguruwe mkoa hadi mkoa waweza kusafirisha pia homa ya nguruwe, na hiyo haina tiba. Nilianza upya na majike wawili. Kwenye safari zangu za Ilula kufuata nyanya nilizoeana na mama mmoja mjane niliyekuwa namwita shangazi, mfugaji wa majike wawili watatu tangu ujana wake. Nikibisha hodi ananipa "kamwene", nami naitikia kwa Kihehe changu cha kuokoteza, anacheka. Nilimweleza mkasa wa Uyole. Akasema, "Sasa mwalimu, kwa nini ulihamisha watoto? Mwenye miguu mirefu ndiye anayehama." Yeye humtoa mama. Watoto wanabaki kwenye banda lao, kwenye nyasi zao zenye harufu yao, na kihori wanachokijua. Mama anafungwa nje mchana, anarudishwa usiku. Siku chache baadaye anarudishwa mara moja tu, halafu harudi. Na chakula cha mama kinapunguzwa siku hizo ili kiwele kisijae. "Nawaacha wanyonye miezi miwili," alisema, "pumba ikiwepo."

Nikarudi Ifunda nimebeba miezi miwili. Maneno mawili ya mwisho niliyaacha Ilula.

Uzao uliofuata ulianguka mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Anayeishi nyanda hizi anajua Januari na Februari ni miezi gani: mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani, ya mwaka huu bado yako shambani yanatoa ndevu, mashine za kusaga zimenyamaza, na gunia la pumba, likipatikana, linauzwa kama lina dhahabu. Nilimlisha mama majani ya viazi, machicha ya pombe ya komoni nilipoyapata, na magimbi. Watoto tisa waliendelea kunyonya. Maziwa ya nguruwe hufika kileleni wiki ya tatu hivi, kisha yanashuka, lakini watoto ndiyo kwanza wanakua. Wiki ya saba unakuta mtoto wa kilo kumi na kitu, mwenye meno, anavuta chuchu isiyo na kitu na kuinyanyua pamoja na nguruwe mzima. Mifupa ya nyonga ya mama ilianza kusimama. Begani akatoka kidonda, pale mfupa unapokutana na sakafu.

Halafu akaanza kulala kifudifudi. Alikuwa anakunja miguu chini ya tumbo na kuzificha chuchu zote, na watoto wakimzunguka wakimsukuma kwa pua. Nilidhani ni mgonjwa, baadaye nikadhani ni mvivu. Niliingia bandani, nikamsukuma ubavuni kwa mguu mpaka akageuka, ili wanyonye. Nilifanya hivyo kila jioni, labda siku kumi, kwa sababu kwenye kalenda bado tulikuwa hatujafika siku ya 56.

Nimeyaandika hayo kwa haraka kidogo maana nayaonea aibu. Baada ya kuachisha alikaa wiki tano hajaingia kwenye joto, nami sikuwa na pumba ya kumlisha nguruwe asiyezaa. Mnunuzi wa kitimoto alikuja na pikipiki. Hapa nikiri lingine, kwamba huruma yangu yote hii inaishia kwenye kikaango, na Jumamosi nikila na ndizi za kuchoma na kachumbari huwa sijiulizi maswali. Jambo hili sijalitatua. Nimeacha tu kujifanya kwamba halipo.

Pasaka ile nilikwenda Tukuyu kumwona mama. Tulikaa jikoni, mvua ya Rungwe ikinyesha kama kawaida yake isiyoomba ruhusa, nikamsimulia habari za nguruwe aliyelala kifudifudi. Nilitegemea acheke, akacheka. Kisha akanyamaza, akachokonoa moto.

"Wewe tulikupeleka Kiwira kwa bibi yako," alisema. "Ulikuwa na mwaka na nusu. Nilikuwa na mimba ya mdogo wako, wakasema maziwa yameharibika, mtoto aondoke."

Hilo nilikuwa nalijua. Kila mtu ukoo mzima anajua kwamba nilimlilia mama siku tatu, na kwamba niliporudi nilimkataa na kumwita bibi ndiye mama. Ni hadithi ya kuchekesha watu kwenye harusi.

"Usiku ule yaliuma," akasema mama. "Nguo yote ililowa. Nilikuwa nakuja hapahapa jikoni nakamulia kwenye majivu, baba yako asinione. Kila saa uliyokuwa unanyonya, yalikuja yenyewe. Mwili haukuwa umeambiwa."

"Mama, hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza, baba."

Nilikuwa nimeandika kwenye daftari, kule Uyole: *mama, hana tatizo*. Niliwaza hilo usiku kucha kwenye kitanda cha utotoni. Tunasema mtoto ameachishwa ziwa. Mama hatumtaji, kana kwamba yeye ni ziwa lenyewe. Kiswahili cha zamani kina neno *kulikiza*, yaani kumwachisha mtoto kunyonya, na ni ndugu wa damu na neno *likizo*. Mwanzoni nililiona neno la upole, mtoto anapewa ruhusa aende. Baada ya jikoni kule Tukuyu sijui tena ruhusa ile ni ya nani, na nani aliiomba. Nguruwe wangu wa Ifunda aliiomba siku kumi mfululizo, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, nikamjibu kwa mguu.

Watafiti wawili, Alex Stolba na David Wood-Gush, waliwahi kuwaachia nguruwe wa kawaida wa kufugwa kwenye eneo la wazi lenye miti huko Edinburgh, Uskoti, wakakaa kuwatazama. Nguruwe walioishi vizazi na vizazi zizini walijijengea viota vya kuzalia kama nguruwe pori. Katika hali ya namna hiyo, hakuna siku ya kuachisha. Mama hutoka kiotani na watoto wakiwa na siku kumi hivi, wanaanza kuchimbachimba naye, na kila wiki anawanyima kidogo zaidi: anasimama maziwa yakiwa bado yanashuka, anaondoka, analala kifudifudi. Kunyonya kunaisha miezi miwili na kitu baadaye, au mitatu, au hata minne. Nilipolisoma hilo la kulala kifudifudi nilifunga kitabu, nikatoka nje.

Najua si haki kulinganisha watu na nguruwe, na wazee wa kwetu wangenifokea. Lakini wao ndio walionipa mfano ninaoufikiria zaidi. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta Wanyakyusa wakiishi kwa vijiji vya rika: kijana akifika miaka kumi hivi anatoka nyumbani kwa wazazi, anakwenda na wenzake kujenga vibanda pembeni, na huko ndiko kutakuwa kijiji chao. Monica alikuja kuyaandika hayo kwenye kitabu chake cha mwaka 1951. Kinachonigusa ni habari ya chakula. Vijana walilala kwenye vibanda vyao, lakini walikula kwa mama zao. Kundi zima lilikwenda kula kwa mama wa huyu leo, kesho kwa mama wa yule. Nyumba ilihama kwanza, chungu kikabaki. Na walihama pamoja, wenye kujuana. Mtu aliyebuni mpango huo hakuwa na haraka ya kumaliza yote siku moja.

Siwezi kusema nimeupata mpango wangu. Ninachofanya sasa ni hiki. Watoto nawapa chakula kidogo kuanzia siku ya kumi, uji mzito wa soya, mahindi na dagaa kwenye sahani pana, hata kama mwanzoni wanaukanyaga tu. Sakafu ina maranda ya mbao ya kutoka Mafinga, ambako kwa sababu ya msitu wa Sao Hill maranda si kitu adimu. Na katikati ya banda nimeweka ubao wa msonobari unaofika gotini. Mama anaweza kuuvuka kwenda upande wake, ambako kuna maji na nafasi ya kulala, watoto hawawezi. Nimeupiga randa juu usimchubue chuchu. Anawaendea akitaka, anaondoka akitaka.

Fundi aliyenisaidia alisema ninamdekeza nguruwe. Huenda. Jike mmoja aliacha kuwarudia watoto siku ya 24 na ilibidi nimlazimishe, sasa hapo uhuru wake ni upi? Mwingine hakuingia kwenye joto mpaka wiki ya tatu baada ya kuachisha. Faida yangu ya mwaka haimfurahishi mke wangu, ambaye ndiye anayelipa ada. Na pumba ikikosekana tena Februari, sijui ubao utasaidia nini.

Bado nina daftari. Tabia ya hesabu haiachishwi ziwa kirahisi. Naandika mara ngapi mama amevuka ubao kwenda kunyonyesha: siku ya 30, mara kumi na tano tangu alfajiri mpaka nilipolala; siku ya 36, mara tisa; juzi, mara nne. Sitaki kuchora mstari wa kuunganisha nukta hizo, ingawa mkono unawasha.

Leo ni siku ya 43. Giza limeshaingia, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na tochi miguuni. Amekuja mpaka kwenye ubao, ameweka miguu ya mbele upande wa watoto, ya nyuma ameiacha upande wake, na tumbo limekaa juu ya ubao. Wawili watatu wameinuka. Ameanza kuguna, polepole. Mke wangu anauliza kutoka jikoni kama ameingia.

"Bado," nimemwambia.